Mpishi wa Wapimaji

Siku niliyostaafu na kurudisha funguo za kabati la plani, zile ramani zetu za mipaka, ninyi vijana wa bureau ya upimaji mlinipa kiti cha plastiki cha kijani na chupa ya soda, kisha mmoja wenu akasema, "Papa Ngoy, utuandikie kidogo mambo ya kazi, usiende nayo hivi hivi." Kiti ninakikalia sasa. Soda ilikuwa ya moto. Na hayo mambo ya kazi, nimekaa miezi minne nikijiuliza ni yapi. Namna ya kusimamisha teodoliti ya kupimia pembe mnaijua kunizidi, na hata mkiisahau, mashine zenu mpya zinajisimamisha zenyewe. Habari za vyeo na mshahara ziko kwenye dosiye yangu, kama panya hawajaimaliza. Basi nitaandika juu ya mtu mmoja ambaye jina lake haliko kwenye plani yetu hata moja, ingawa bila yeye plani kadhaa zisingekuwapo, wala mimi.

Mimi ni mtu wa Kamina, nchi ya nyasi na anga pana. Nilipomaliza shule ya upimaji Lubumbashi walinituma Kivu ya Kaskazini, na niliingia Butembo juu ya lori lililonibeba kutoka Kanyabayonga, nikiwa nimekaa juu ya magunia ya viazi. Lubero, mahali tulipolala njiani, baridi ilinilazimisha kuvaa suruali zangu zote mbili kwa pamoja. Ndani ya valizi nilikuwa na pasi ya makaa, kwa sababu mwalimu wetu alitufundisha kwamba mpimaji asiye na mstari kwenye suruali hawezi kuchora mstari ulionyooka. Nasema hivi mjue ni mtu wa aina gani aliyeshuka kwenye lile lori.

Chef wangu wa kwanza, yaani mkuu wangu wa kazi, aliitwa Lukusa, Mkasai mwembamba, miwani yake imefungwa kwa uzi. Miezi mitatu hakuniruhusu kugusa chombo chochote isipokuwa kitambaa cha kufutia. Kila asubuhi nilifuta lenzi, nikapaka mafuta mnyororo wa kupimia, ule wa chuma wa mita ishirini, nikaukunja kiungo kwa kiungo.

"Chaîne haidanganyake," alikuwa akisema juu ya mnyororo huo. "Mutu mwenye anaivuta njo anadanganya."

Kwake nilijifunza kuandika vipimo kwa kalamu ya risasi iliyochongwa vizuri, na kutofuta namba kamwe. Ukikosea, unaikata kwa mstari mmoja tu, ili kosa libaki likionekana. Hilo limenifaa maishani kuliko hesabu zote za pembe.

Mwaka wangu wa pili tulipewa kazi ya kufungua mpaka wa shamba moja kubwa upande wa magharibi, mbele ya Mangurujipa, ndani ya msitu wenyewe. Kazi ya msitu ilikuwa hivi: unachagua mwelekeo kwa dira, watu wa panga wanakata njia nyembamba iliyonyooka, nanyi mnafuata na mnyororo, ishirini, ishirini, ishirini, mkipanda vigingi. Siku njema tulipata nusu kilomita. Siku mbaya tulipata malaria.

Katika kijiji cha mwisho mpishi wetu aliutazama msitu, akautazama mzigo wake, akasema anarudi Butembo mara moja kumsalimia shangazi. Huyo shangazi bado anasalimiwa. Chef Lukusa akaulizauliza, na kesho yake akaja mwanamke mmoja mjane, mfupi, wa miaka thelathini na kidogo. Alikuwa amemwacha binti yake mdogo kwa mama mkwe. Jina lake Kahindo.

Hakuuliza atapikia watu wangapi. Alifungua kantini yetu, sanduku la chakula, akayatazama makopo ya sardini na gunia la mchele, halafu akatoa viberiti vyote, akavitia ndani ya chupa pamoja na punje za mchele mkavu, akaiziba kwa nta ya mshumaa.

"Mama, ile ni kiberiti ya kuwashia," nikamwambia. "Hapana ya kuweka akiba."

"Njo maana," akanijibu. "Mvua ya huku haina adabu, Monsieur."

Tulipoanza kutembea niliona ana furushi la majani mabichi mkononi, limefungwa kama kwanga, ule mkate wa muhogo, na lilikuwa likitoa moshi mwembamba. Ndani mlikuwa na kipande cha uyoga mkavu wa mtini kilichoshika moto taratibu. Alitembea nao kutwa. Tulipofika kambini, sisi wanaume tukiwa tumeloa hadi mifupa, alitoa kwapani kipande cha utomvu wa mti uliokauka, akakiweka juu ya lile kaa, akapuliza mara tatu, na chai ikawa tayari kabla sijamaliza kufungua viatu. Sisi tulipotafuta mahali pa kulala tulitazama chini, kama pamelingana. Yeye alitazama juu kwanza, kama kuna tawi lililokufa. Alimwaga majivu kuzunguka hema kuzuia siafu. Alishona majani mapana juu ya fito, na kibanda chake hakikuvuja, huku hema ya serikali ikivuja mahali nilipoweka kichwa.

Nilianza kuandika niliyoyaona nyuma ya carnet, kitabu changu cha vipimo. Mbele niliandika pembe na umbali, nyuma niliandika: *K. anabeba moto hivi. K. anakata aina hii ya kamba ya porini, inatoa maji safi, lakini siyo ile yenye maziwa.* Nilipomuuliza sababu ya jambo fulani alinijibu kwa upole na kwa ufupi.

"Monsieur, andika namba zako."

Sasa nifike kwenye mto. Kwenye plani una jina, na jina lenyewe tuliliandika vibaya, kwa hiyo nitauita mto tu. Mstari wetu uliuvuka juu ya gogo kubwa lililoanguka. Siku moja nilikuwa ng'ambo na mtu wa panga mmoja, Kakule, tukisafisha vituo vya mwisho, wenzetu wamebaki upande wa kambi. Mama Kahindo akatuletea chakula cha mchana. Tulikuwa tunakula panga la Kakule lilipoteleza juu ya mzizi alioukata huku akitafuna, likaingia kwenye mguu wake chini ya goti. Wakati tunahangaika na damu, mvua ilikuwa inanyesha mahali pengine, juu kabisa kwenye chanzo. Hatukuisikia. Tulisikia gogo likiondoka.

Maji yalikuwa mekundu na mapana kama uwanja wa ndege wa Rughenda. Ng'ambo tulimwona Lukusa akifungua na kufunga mdomo, hatukusikia neno. Tulikuwa na nusu sufuria ya wali na maharage, mapanga mawili, dira, mnyororo na carnet yangu. Tulikaa pale siku sita.

Mama Kahindo alichemsha maji, akaosha kidonda, akakikandamiza kwa kitambaa cha kichwani mwake na kuuinua mguu juu ya gogo. Wali aliugawa vijiko vichache kila mtu, uliobaki akaufunika. Mimi kesho yake nilifanya kazi niliyosomea. Nilitandaza karatasi, nikapima, nikamwambia barabara iko kusini-mashariki, kilomita kumi na moja tu, nitafuata dira na kurudi na watu.

"Kilometa ya kwa karatasi," akasema.

"Dira haipotei, Mama."

"Dira hapana kupotea. Weye njo utapotea." Alinitazama kidogo, akaona sitasikia. "Basi uende. Lakini kila hatua kumi uvunje kijiti, kichwa yake iangalie huku kwetu. Ufanye ile tu, kwa ajili yangu."

Nilivunja vijiti kwa moyo mbaya, kama mtoto aliyetumwa kurudisha ungo kwa jirani. Dira yangu ilikuwa sahihi mwanzo hadi mwisho, na kwa usahihi wote huo ilinipeleka katikati ya bwawa la matope lililonifika kifuani. Nililizunguka upande huu, nikalizunguka upande ule, mpaka sikujua tena nimetoka wapi. Miti yote ilikuwa na sura moja. Nilikaa chini nikalia, sioni haya kuliandika. Kisha nikaona kijiti kimoja kimevunjika, halafu cha pili. Nilirudi alasiri. Alikuwa anamenya kiazi cha porini. Alinisogezea nafasi karibu na moto.

Vile viazi vilikuwa na miiba kwenye shina. Alivikata vipande vyembamba, akavichemsha, akamwaga maji, akachemsha tena, akamwaga tena. Halafu aligusa kipande kwenye midomo yake, akangoja. Akala kidogo, akangoja mpaka giza lilipoingia. Kakule alikuwa anaomboleza kwa njaa kuliko kwa mguu, lakini hakumpa. Alipoona yeye mwenyewe yuko salama ndipo tukala.

Siku ya tatu mvua ilinyesha tangu asubuhi, tukabanana chini ya majani yake. Nilimwambia kwamba elimu aliyo nayo ni kubwa, ingefaa ifundishwe shuleni, na kwamba binti yake ana bahati. Nilidhani ninamsifu.

"Nilikuwa na miaka tisa," akasema. "Vita ilikuya. Tukakimbia mu pori na mama na mudogo wangu. Misimu tatu. Mama njo alinifundishaka hii yote, kwa kimya, sababu batu ba vita balikuwa banatutafuta."

"Na mdogo wako?"

"Alichimba kiazi peke yake. Alikuwa na njala. Alipika vile aliona mama anapikaka, lakini mayi hakumwanga." Akageuza kuni. "Mama hakulia na sauti. Haikuwa fasi ya kulia na sauti."

Kakule akafanya ishara ya msalaba. Mimi sikujua niweke wapi mikono yangu.

"Basi, Monsieur, hii haiko akili. Hii ni njala. Masika wangu nataka asome, alale mu nyumba ya mabati, anunue chumvi kwa duka. Siku Masika atajua hii mambo, njo kusema mimi nimeshindwa."

Siku ya sita maji yalishuka, Lukusa na watu wake wakaangusha mti mwingine, tukavuka. Kakule alipona. Anachechemea mpaka leo na anawaambia watu kwamba aliumia kwenye mpira.

Baada ya hapo sikukubali kwenda misheni, zile safari za kupima msituni, bila Mama Kahindo. Kila kiangazi, kwa miaka tisa, alifunga furushi lake akatutangulia. Alizoea maswali yangu, akaanza kuyajibu, huku akinikumbusha kwamba hayafai. Nyuma ya carnet pakajaa, nikaanza nyingine. Nilijifunza kuchuja majivu ya mimea ya bwawani nipate chumvi, kusuka kamba, kujua kwa harufu kwamba mto uko karibu. Nilijifunza polepole na vibaya. Lakini nilikuwa na furaha ambayo wakati ule sikuiita kwa jina. Niliiita kazi.

Kisha vita vikaja, vikaondoka, vikarudi na majina mengine, na msitu ukafungwa. Njia tulizozikata kwa jasho zilianza kutembewa na watu wasiobeba mnyororo. Misheni zikakoma. Tukawa wapimaji wa viwanja vya mjini, tukipima ua kati ya majirani wawili wanaogombea mti wa avoka. Mpaka wa msituni haukuwahi kunitukana. Wa mjini, kila wiki. Na mvua ikipiga juu ya mabati ya nyumba yangu hapa Butembo, ninachosikia ni kelele. Mvua ya kule ilikuwa na hatua zake: kwanza uliisikia juu sana, kwenye vichwa vya miti, kama umati unaosimama kanisani, kisha ikashuka jani kwa jani, na ulikuwa na muda wa kufunga carnet, kukunja mnyororo na kukaa chini kabla tone la kwanza halijakugusa. Nimeingoja mvua ya namna ile miaka mingi, najua vizuri hainyeshi mjini.

Miaka yangu ya mwisho nilihamishiwa Beni, na pale nikamkuta karani mpya, mwanamke kijana aliyevaa miwani na kuandika haraka kuliko tulivyosema. Alikuwa Masika, binti ya Mama Kahindo. Amesoma, ameolewa, ana mtoto wa miaka sita aitwaye Neema, anakaa nyumba ya mabati. Mama yake alikuwa amehamia Butembo, anauza maharage sokoni, na kila niliposhuka Butembo nilimpitia, tukazungumza habari za mjini.

Masika alipewa kazi ya kuingiza vitabu vya zamani kwenye kompyuta. Siku moja alikuja mezani kwangu na carnet iliyoliwa na unyevu.

"Papa Ngoy, hii karatasi za nyuma niziweke mu dosiye gani?" Akasoma: "*K. anasema, kiazi cha miiba, maji ya kwanza mwaga, ya pili mwaga, onja kwa mdomo, ngoja.* K. ni nani?"

Nilitazama ukutani.

"Ni mama yako," nikasema.

Alikuwa anajua tu kwamba mama aliwahi kuwapikia wapimaji. Alisoma kurasa zote amesimama. Kisha akaniambia, "Unifundishe."

Nilikaa wiki nzima bila kumjibu, kwa sababu ya yale niliyoyasikia kwa mama yake chini ya majani, siku ile ya mvua. Baadaye nilikubali, na sababu niliyojipa ilikuwa nzuri: nchi yetu inakimbia kila mwaka, anayeishi Beni inafaa ajue. Hiyo ni kweli. Lakini nimewaambia kosa lisifutwe, basi niache hili lionekane: nilikubali pia kwa sababu niliukosa msitu, na nilitaka mtu wa kuuzungumza naye. Hamu yangu ilivaa koti la hekima ikatoka nje.

Jumamosi mchana tulikwenda kwenye mashamba ya kakao na vichaka vya pembeni ya mji, mahali palipokuwa bado salama. Nilimwonyesha kamba ya maji, kiazi, utomvu, moto ndani ya uyoga. Alijifunza upesi kuliko mimi. Alikuwa na mikono ya mama yake, hilo nililiona siku ya kwanza aliposhika panga.

Mwaka uliofuata Masika alikwenda kumzika jamaa wa mumewe katika kijiji kimoja kando ya barabara, akiwa na Neema wake. Asubuhi watu wenye silaha waliingia kijijini. Waliofika Beni siku ile walisema walimwona akikimbilia msituni, Neema mkononi na mtoto wa wifi yake mgongoni. Mumewe alibaki kuuliza kila mtu aliyetoka upande ule. Mimi nilipanda pikipiki mpaka Butembo, maana habari kama hiyo haipelekwi kwa simu.

Mama Kahindo alikuwa anapeta maharage uani. Aliniona, akaweka ungo chini.

"Masika iko wapi?"

"Alikimbia mu pori na batoto bawili. Bado hapana kujua."

Alikaa juu ya kigoda. Nikaona siwezi kumnyamazia tena, nikamwambia yote: carnet, Jumamosi, kakao. Nilitegemea anifukuze. Badala yake alianza kuniuliza, swali moja moja, kama mtihani.

"Kiazi, ulimuonesha?"

"Nilimuonesha."

"Kumwanga mayi?"

"Mara mbili."

"Kamba ya mayi?"

"Anaijua vizuri."

"Moto?"

"Moto anawasha kunipita mimi."

Hapo uso wake ulibadilika.

"Na moshi? Ulimuambia nini juu ya moshi?"

Katika miaka yetu tisa moshi ulikuwa jambo la kutia machozi jikoni, basi. Sikumfundisha Masika lini asiwashe. Sikumfundisha namna ya kunyamazisha mtoto, wala kutovunja kijiti chochote anapopita, mimi niliyeokolewa na vijiti. Nilimfundisha kuvivunja.

Aliniangalia bila hasira, na ingekuwa nafuu angekasirika.

"Papa Ngoy," akasema, "weye ulijifunza pori ya mutu mwenye anatafuta mupaka. Miye nilijifunza pori ya mutu mwenye anatafutwa. Haiko pori moja."

Nilikaa kwake siku zote zilizofuata, nikilala kwa jirani. Wanawake wa jumuiya ya parokia walikuja kusali rozari, wakaleta chakula. Mama Kahindo alijibu sala zote kwa sauti ya kawaida. Siku zote hizo hakuwasha moto jikoni kwake.

Siku ya sita simu ililia. Masika alikuwa ametokea kwenye shamba la kakao, mbali kabisa na mahali alipoingilia, pamoja na watoto wote wawili. Tulifika Beni mchana uleule. Alikuwa kitandani katika kituo cha afya, miguu imefungwa bendeji, Neema amelala ubavuni pake, na yule mdogo anakula ndizi kama mtu anayelipiza kisasi. Mama Kahindo hakumkumbatia. Alikaa chini, akafungua bendeji, akaitazama miguu yote miwili, nyayo na vidole, akaifunga upya vizuri zaidi.

"Ulikula nini?"

Masika akahesabu: matunda, uyoga wa aina moja tu aliokuwa na hakika nao, maji ya kamba. Kiazi alikipata, akakiacha, kwa sababu hakingelika bila kupikwa.

"Haukuwa na moto?"

"Nilikuwa na briquet ya kuwashia mu mfuko. Siku ya pili mvua ilitupiga, huyu mutoto alikuwa anatetemeka sana. Utomvu nilikuwa nayo. Uyoga mukavu nilikuwa nayo. Kila kitu vile Papa Ngoy alinifundishaka. Nilishika briquet mu mukono."

"Na kisha?"

"Kulikuwa kimya, Mama. Ndege hazikuimba. Niliogopa tu, sijui juu ya nini. Nikaweka batoto ndani ya nguo zangu, tukakaa vile."

Mama Kahindo aliinamisha kichwa.

"Ile woga," akasema, "ni ya koko yako, mama yangu. Iko yake kabisa."

Kisha akanyanyuka, akapangusa mikono, akarudia sauti yake ya sokoni. "Ukipona utakuya kwangu. Nitakuonesha fasi huyu Papa alikosea."

"Alikosea wapi?"

"Fasi mingi."

Na kweli alimfundisha. Masika alihamia Butembo na familia yake, na kila Jumamosi mama yake alimpeleka kwenye mikaratusi iliyo nyuma ya mji. Baadaye wanawake wengine waliokimbia makwao walisikia, wakaomba, wakaja. Niliruhusiwa kukaa pembeni. Siku ya kwanza nilitoa kalamu, naye akainyoshea kidole.

"Hapana kuandika. Karatasi inaanguka, mwingine anaokota."

Kwa hiyo yale muhimu kuliko yote hamtayaona humu. Mtamwendea mtu aliye hai, mkae chini, muulize kwa adabu, na mkumbuke kwamba kuna wanaojua mambo haya kwa sababu yaliwaumiza. Msiwasifu haraka kama nilivyofanya mimi. Wala msingoje siku ya haja. Siku hiyo haina muda wa masomo.

Watoto wangu wanaoishi Kamina wananipigia simu wakiniuliza narudi lini. Nawaambia barabara mbaya. Mwezi uliopita Mama Kahindo alinitumia ujumbe kwamba anataka kutembea, nimsindikize. Ni mzee sasa, anashika fimbo. Tulipanda polepole mlima ulio magharibi mwa mji, mahali barabara ya Mangurujipa inapoanza kuteremka. Mvua ya jana yake ilikuwa imesafisha hewa, na mbali, chini kabisa, msitu ulionekana, bluu, umelala kama kitu kisicho na habari na mtu yeyote. Sikuwa nimeuona miaka mingi.

"Unatamani kurudi?" nikamuuliza.

"Mimi nachukia ile pori."

Tulikaa juu ya jiwe. Chini yetu mtu alikuwa anapasua mbao, na sauti ilitufikia ikiwa imechelewa.

"Mudogo wangu iko mule," akasema baadaye. "Na mama. Wakati tulitoka, mama akakuwa wa batu bote, wa shamba, wa kazi, wa soko. Mule alikuwa ananishika mukono siku muzima. Ile mama, sikumuona tena huku inje."

Nilitaka kumwambia hamu yangu ya msitu, lakini ilikuwa ndogo mbele ya hilo. Alinyosha shingo yake, akatazama mpaka ukungu ulipopanda kutoka bondeni na kufunika yote, kwanza miti, kisha vilima, kisha barabara yenyewe. Halafu akaniomba nimnyanyue, kwa sababu Masika alikuwa anabatiza mtoto wake wa pili siku ile, wageni wamekwisha fika, na ufunguo wa nyumba alikuwa nao yeye, mfukoni.